Bioanuwai, uzazi na urithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Maswali haya huulizwa darasani, mashambani Muheza, kwenye diko la wavuvi na, mara nyingi zaidi, kwa sauti ya chini baada ya wengine kuondoka. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yenye utata. Jibu likitegemea jingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Misingi

1. Bioanuwai ni nini? Si wingi wa wanyama na miti?

Wingi peke yake hautoshi. Shamba la mkonge la mamia ya ekari lina mimea isiyohesabika, lakini kwa bioanuwai ni maskini, maana mimea karibu yote ni ya aina moja. Bioanuwai ni utofauti wa uhai, na hutazamwa kwa ngazi tatu. Upo utofauti wa spishi: mkoko si mchu, chewa si changu. Upo utofauti wa mazingira: msitu wa mvua wa Amani, mikoko ya Pangani, matumbawe yaliyo mbele ya jiji la Tanga. Na upo utofauti wa jeni, yaani maelekezo ya kurithi (tazama swali la 3), ndani ya spishi moja, ule unaofanya vifaranga wa tetea mmoja wasifanane.

Ngazi hii ya tatu ndiyo husahaulika, nami naiona ndiyo mzizi wa nyingine zote. Ugonjwa mpya ukiingia, au mvua zikibadilika, wanaosalia ni wale ambao jeni zao zinatofautiana na za wenzao kwa namna iliyowafaa. Kama wote wako sawa, hakuna wa kusalia.

2. Kwa nini Usambara inatajwa duniani kote?

Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi huiletea unyevu mwaka mzima, hivyo misitu yake ilidumu hata nyakati ambazo nyanda za chini zilikauka. Viumbe wa kila mlima walitengana na wenzao kwa muda mrefu sana, wakazaana wao kwa wao, hadi wengine wakawa spishi zisizopatikana kwingine.

Mfano unaojulikana zaidi ni ua dogo la zambarau. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani hapa Tanga, alilituma kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Leo vizazi vyake vimo kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na maelfu ya aina zimezalishwa kutokana nalo. Huku kwao linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, kwenye vipande vichache vya msitu. Msitu ukifyekwa juu yake, jua hulimaliza.

Amani ilianza kuwa kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na mwaka 1997 ikawa hifadhi ya mazingira asilia.

3. Jeni, DNA na kromosomu vinatofautianaje?

DNA ni kemikali inayobeba maelekezo ya mwili. Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kitu fulani, mara nyingi protini moja. Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwa, wenye jeni mamia au maelfu. Binadamu ana kromosomu 46 katika karibu kila seli, yaani jozi 23: nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama.

Kwa hiyo kila jeni, kwa kawaida, unayo nakala mbili. Zikitofautiana, huenda moja ikaonekana na nyingine ikajificha. Inayoonekana huitwa jeni inayotawala. Inayojificha haipotei: hupita kimya kizazi hadi kizazi, na siku ikikutana na mwenzake inatokeza. Gregor Mendel aliligundua hili kwa kuchavusha njegere na kuhesabu uzao wake, akachapisha matokeo mwaka 1866. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanasimama juu ya aya hii, kwa hiyo isome taratibu.

4. Kwa nini viumbe wengine huzaana kwa jinsia na wengine bila jinsia?

Kuzaana bila jinsia ni haraka: muhogo hutoka kwenye kipande cha shina, mgomba hutoa machipukizi, na mtoto anakuwa nakala ya mzazi. Kama mzazi amefaulu mahali pale, nakala zake nazo zitafaulu, maadamu hali haibadiliki.

Kuzaana kwa jinsia ni kwa gharama. Sharti mwenza apatikane, chavua isafiri, yai lirutubishwe. Faida yake ni kwamba jeni huchanganywa upya kila mara, na uzao unatoka tofauti. Ndiyo hazina niliyoitaja swali la 1.

5. Mkonge wetu wote umetoka kwenye mimea michache kweli?

Kweli. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kutokana na hiyo, mashamba yote makubwa yakaanza.

Tazama mkonge unapozeeka. Unatoa mlingoti mmoja mrefu katikati, unachanua mara moja, kisha unakufa. Mbegu hazipatikani kwa urahisi. Badala yake, baada ya maua kudondoka, vimiche vyenye majani kamili vinaota palepale juu ya matawi ya mlingoti, mamia kwa mamia, vikianguka vinashika ardhi. Hivyo ndivyo vinavyokusanywa na kupelekwa kitaluni. Kila kimoja ni nakala ya mama yake.

Kwa mwenye kiwanda ni neema, kwa sababu majani yote yanafanana. Lakini ugonjwa unaomudu mmea mmoja unaimudu yote. Mkonge wa kawaida ulisumbuliwa na madoa ya majani yaliyopewa jina la Korogwe. Watafiti wa Amani na baadaye Mlingano, Muheza, wakazalisha chotara namba 11648, lenye majani mengi zaidi, kwa kuchanganya Agave amaniensis na Agave angustifolia. Chotara hilo nalo likaonekana kuwa rahisi kushikwa na ugonjwa mwingine wenye mistari kama ya pundamilia. Anayepanda nakala tupu hana budi kurudi kwenye uzazi wa jinsia kila adui mpya anapotokea.

## Shambani na bandani

6. Mpapai wangu unachanua sana lakini hauzai. Kwa nini?

Yaelekea ni mpapai dume. Angalia maua: ya dume ni madogo, mengi, yananing'inia kwenye vikonyo virefu vilivyotawanyika. Ya jike ni makubwa, yamekaa karibu kabisa na shina, na ukilipasua moja utakuta tunda changa la mviringo ndani. Ipo pia mipapai yenye maua ya jinsia mbili, ambayo hujichavusha na kutoa matunda marefu.

Mbegu hazionyeshi jinsia kwa macho, kwa hiyo wakulima hupanda miche mitatu kwenye shimo moja na kuing'oa isiyotakiwa ikishachanua. Usiing'oe midume yote kama shamba lako lina majike tupu: bila chavua hutapata matunda ya maana.

7. Nikipanda mbegu ya chungwa la Muheza, nitapata chungwa lilelile?

Mara nyingi, ndiyo, na sababu yake ni ya ajabu. Ndani ya mbegu moja ya chungwa mna viini zaidi ya kimoja. Kimoja kimetokana na yai na chavua. Vingine vimetokana na tishu za mama peke yake, na ndivyo vinavyoshinda mara nyingi. Ndiyo maana mbegu moja yaweza kutoa miche miwili au mitatu.

Hata hivyo, mche wa mbegu huchelewa kuzaa na hujaa miiba. Mche wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha mchungwa unaoujua kilichounganishwa juu ya shina la mlimao, huzaa mapema. Parachichi ni tofauti kabisa: mbegu yake ni mchanganyiko, na matunda yake huwezi kuyatabiri. Ukitaka aina fulani, nunua mche uliobebeshwa.

8. Vidaka vya mnazi vinapukutika kabla ya kuwa madafu. Ni urithi?

Kwa sehemu ndogo. Karara likipasuka, utaona nyuzi zenye maua mengi madogo ya kiume, na karibu na shina la uzi maua machache ya kike, ya duara. Kwenye minazi mirefu ya kwetu, maua ya kiume humwaga chavua kabla ya ya kike kuwa tayari, hivyo mnazi huchavushwa na jirani. Minazi mifupi huweza kujichavusha. Ua la kike lisilopata chavua hudondoka. Mti pia huangusha ziada ukame ukizidi. Kutoka upunga hadi kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kamili ni safari ya karibu mwaka, na mti hauwezi kuvilea vidaka vyote.

Lakini yupo mdudu mmoja, Pseudotheraptus wayi, anayefyonza vidaka na kuviacha na vidonda vinavyotoa utomvu. Adui yake mkubwa ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Najua wanauma, na mkwezi hawapendi. Ila mnazi wenye majimoto wengi hupoteza vidaka vichache, na anayewachoma moto anajiondolea mlinzi wa bure.

9. Kuku wa kishingo akipandwa na jogoo wa kawaida, vifaranga watakuwaje?

Hapa urithi unaonekana kwa macho bila darubini. Jeni ya kishingo inatawala, lakini si kikamilifu. Kuku mwenye nakala mbili ana shingo tupu kabisa. Mwenye nakala moja ana shingo tupu pia, ila mbele, chini ya koo, ana kishungi kidogo cha manyoya. Chunguza kuku wa jirani, utawaona wote wawili.

Kishingo mtupu kabisa akizaa na wa kawaida, vifaranga wote watakuwa na kishungi. Wenye kishungi wawili wakizaana, kwa wastani robo watatoka watupu, nusu wenye kishungi, robo wenye shingo ya manyoya. Na katika joto letu la pwani, kuwa na manyoya machache ni nafuu, kwani mwili hupoa haraka.

10. Nikikata masikio ya mbuzi kwa alama, wanawe watazaliwa nayo yamekatwa?

Hapana. Kisu kinakata sikio, hakigusi jeni zilizo kwenye mayai au mbegu za kiume. Ndivyo ilivyo pia kwa kovu, jino lililong'olewa na misuli ya mpagazi.

## Baharini na kwenye mikoko

11. Mkoko unazaa watoto?

Karibu hivyo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini. Kile kitu cha kijani kama rungu jembamba kinachoning'inia, mara nyingi cha zaidi ya sentimita 30, ni mche tayari. Ukidondoka maji yakiwa yametoka, huweza kuchoma tope na kusimama. Maji yakijaa, huelea hadi upate ufuko. Mkandaa na msinzi hufanya vivyo hivyo. Mchu huota pia, ila ndani ya ganda lake bila kutokeza. Mkomafi una tunda kubwa la duara lenye mbegu za pembepembe, na huota baada ya kuanguka.

Kwa wanaokusanya miche ya kupanda: chukua ile yenye pete ya manjano pale inapoungana na tunda. Ya kijani kitupu haijakomaa.

12. Silikanti ni samaki gani hasa, na kwa nini ana hifadhi?

Wanasayansi walidhani jamii yake ilikwisha pamoja na dinosauri, hadi mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini na kutambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer. Miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwenye jarife zilizotegwa kwa ajili ya papa kwenye maji ya kina. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoanzia upande wa Pangani kuelekea kaskazini hadi Tanga.

Uzazi wake ndio unaomfanya awe hatarini. Hatagi baharini kama samaki wengi. Mayai yake, makubwa kupita ya samaki yeyote mwenye mifupa, hubaki tumboni hadi watoto wakomae. Jike aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na watoto 26. Utafiti uliochapishwa 2021, kwa kusoma pete za magamba, ulikadiria mimba ya karibu miaka 5 na ukomavu wa jike unaofikiwa akiwa na miaka zaidi ya 50. Jike mmoja akinaswa, pengo lake linachukua nusu karne kuzibwa.

13. Mbona chewa wakubwa wengi hawana mayai?

Kwa sababu ni madume waliokuwa majike. Chewa wengi huanza maisha kama majike, na baadhi hugeuka madume wanapokua. Pono nao hufanya hivyo. Jeni ni zilezile. Kinachobadilika ni homoni na viungo vya uzazi. Wavuvi wakichagua wakubwa tu, madume wanapungua na mayai yanakosa wa kuyarutubisha. Wakivua wadogo tu, hakuna wa kukua na kugeuka.

14. Ni kweli jinsia ya kasa inategemea mchanga?

Ndiyo. Kasa hawana kromosomu za jinsia kama zetu. Joto la shimo katikati ya kipindi cha kuatamiwa ndilo linaloamua: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi hutoa madume, na mpaka wake kwa kasa wa kijani ni karibu nyuzi 29. Ndiyo maana kukata miti inayotia kivuli ufuko wa kutagia, kama ule wa Madete ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

15. Pweza jike akishataga anakufa?

Anakufa. Huning'iniza mayai ndani ya shimo lake, huyapulizia maji safi, hayaachi wala hali, na yakishaanguliwa maisha yake yanaisha. Huzaa mara moja tu. Ukimchokoa kabla ya hapo, umechukua na mayai yote.

## Kwa watu

16. Nani anaamua mtoto awe wa kike au wa kiume?

Mbegu ya baba. Yai la mama hubeba kromosomu X siku zote. Mbegu ya kiume hubeba X au Y: ikifika yenye X anapatikana msichana, yenye Y mvulana. Baba naye hachagui, ni bahati. Lakini mama ndiye ambaye kwa vyovyote hakubeba Y, na bado wapo wanawake wanaosimangwa, hata kuachwa, kwa kuzaa mabinti. Naomba jibu hili lisomwe kwa sauti pale mashemeji wanapokaa.

Kwa kuku ni kinyume: tetea ndiye anayeamua.

17. Mimi ni kundi A, mke wangu ni B, mtoto ni O. Ni wangu?

Inawezekana kabisa. Mwenye A anaweza kuwa na nakala moja ya A na moja ya O iliyojificha. Mwenye B vilevile. O mbili zikikutana, mtoto ni O (tazama swali la 3). Wazazi hawa wanaweza kupata mtoto wa kundi lolote kati ya manne. Makundi ya damu hayathibitishi ubaba. Kipimo cha DNA ndicho kinachoweza. Tafadhali asivunje mtu nyumba yake kwa kadi ya kliniki.

18. Wazazi weusi wanapataje mtoto mwenye ualbino?

Wote wawili wamebeba nakala moja ya jeni isiyotengeneza vizuri melanini, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho, bila kujua. Kila mimba ina uwezekano wa robo kwamba nakala hizo zitakutana. Si mama peke yake, si laana, na si malipo ya dhambi ya mtu yeyote. Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 kati ya 1,400, kwa hiyo wabebaji wako katika kila mtaa.

Mwenye ualbino akizaa na asiyebeba jeni hiyo, hakuna mtoto atakayekuwa na ualbino, ingawa wote wataibeba. Wawili wenye ualbino kwa kawaida huzaa watoto wenye ualbino, ila kama wa kila mmoja umetokana na jeni tofauti, mtoto anaweza kuwa na rangi.

Kinachomdhuru mtoto huyu ni jua, na watu. Jua linazuiwa kwa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kinga tangu uchanga, kwa sababu saratani ya ngozi huanza mapema. Watu waliowakata viungo na kuwaua wenzao kwa imani za utajiri walifuata uongo mtupu: hakuna kitu ndani ya mwili huo kisichokuwemo ndani ya wako.

19. Tuna mtoto mmoja mwenye selimundu. Watatu wanaofuata watakuwa salama?

Hapana, na kosa hili limeumiza familia nyingi. Wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa robo katika kila mimba. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Wanaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo, wanaweza wasipate hata mmoja.

Jeni hii imeenea kwetu kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba mwenye nakala moja hulindwa dhidi ya malaria kali. Pwani yenye mbu wengi, wabebaji walipona na kuzaa zaidi. Nakala moja ni ngao, mbili ni ugonjwa. Pimeni kabla ya ndoa. Kipimo cha damu kinatosha kumjua mbebaji.

20. Ndoa za mabinamu zina madhara?

Nyingi huzaa watoto wenye afya. Binamu wa kwanza huchangia wastani wa thumuni ya jeni, kwa hiyo uwezekano wa jeni iliyojificha kukutana na mwenzake unaongezeka: hatari ya mtoto kuzaliwa na tatizo hupanda kutoka karibu asilimia 3 hadi kati ya 4 na 6. Kama ukoo una selimundu au ugonjwa mwingine wa kurithi, hatari ni kubwa zaidi, na kupima ni lazima. Vizazi vingi mfululizo vya mabinamu huongeza pia.

## Yenye utata

21. Mbuzi na kondoo wanaweza kuzaa pamoja?

Ni nadra mno mimba kufika mwisho. Mbuzi ana kromosomu 60, kondoo 54. Farasi (64) na punda (62) wamekaribiana zaidi na huzaa baghala mwenye 63, mwenye nguvu lakini karibu siku zote tasa, kwa kuwa idadi hiyo haigawanyiki kwa jozi anapotengeneza mayai au mbegu.

22. Ni kweli Amani kuna chura anayezaa watoto hai?

Kweli. Nectophrynoides tornieri, chura mdogo wa Usambara na milima jirani, hatagi majini. Mayai hukulia tumboni na hutoka vichura kamili, bila hatua ya kiluwiluwi cha kuogelea. Kwenye miteremko isiyo na madimbwi ya kudumu, hiyo ni njia bora. Lakini inahitaji unyevu wa msitu, kwa hiyo hawezi kuhamia mashamba ya chai yaliyo pembeni.

23. Tukipanda miti mingi, si tumerudisha bioanuwai?

Inategemea mti gani. Amani ilipandwa Maesopsis eminii, mti wa asili ya nchi za magharibi hadi Kagera. Hukua haraka, hondohondo wanapenda matunda yake, na wamesambaza mbegu zake ndani ya msitu wa asili, hasa palipokatwa miti. Ukitazama kwa mbali ni kijani kilekile. Ukiingia chini yake, miche ya miti ya Usambara ni michache kuliko inavyopaswa.

Kwa hiyo kabla ya kupanda, uliza mbegu zimetoka wapi na zimekusanywa kwenye miti mama mingapi. Miche elfu moja kutoka mti mmoja ni ndugu wa mama mmoja (tazama swali la 5). Kusanya kwenye miti mingi iliyotengana, ndani ya msitu uleule, na pale msitu wa asili ulipo karibu, mara nyingi yatosha kuuzuia moto na mifugo na kuuacha ujipande.